Umeme bila waya: kwa nini unaishia sentimita chache, na ni wapi hasa unafanya kazi

MasafaMafupi (#1)

Wakuu salaam.

Ile video imerudi tena kwenye magrupu: koili mezani, balbu inawaka juu ya kiganja, na chini maneno "Tesla aligundua, wakubwa wakaficha" (yaani Nikola Tesla, mvumbuzi wa zamani). Halafu maswali yanafuata: kwa nini nguzo bado zinachimbiwa, kwa nini simu isijichaji mfukoni, nani anazuia. Naweka hesabu hapa ili tukibishana tubishane na namba.

Umeme unaruka hewani kwa njia mbili kubwa, na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni uga sumaku wa karibu, yaani koili kwa koili. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba mkondo unaobadilika kwenye koili moja huzalisha volti kwenye koili ya jirani. Ndiyo transfoma, ndilo jiko la induksheni, ndiyo pedi ya kuchajia simu. Ya pili ni kurusha wimbi lenyewe, mikrowevu au leza, likakamatwe huko mbele. Kila moja ina ukuta wake.

Tuanze na koili. Mambo mawili yanaamua kila kitu: kiasi gani cha uga wa koili ya kwanza kinapita ndani ya ya pili (tuite k, kati ya 0 na 1), na ubora wa kila koili (Q), yaani inazungusha nishati kiasi gani ikilinganishwa na inayoipoteza kama joto. Zidisha k kwa Q (kama koili mbili zina Q tofauti, chukua kipeuo cha pili cha zao lao) upate U. Ufanisi wa juu kabisa unaowezekana ni

U² ÷ (1 + √(1 + U²))²

Hiyo ni dari. Hakuna saketi itakayoivuka.

Nimechukua koili mbili za duara, kipenyo 10 cm, zimeelekeana sawasawa, Q 100 kila moja:

umbali 2 cm: k 0.37, dari 95%
umbali 5 cm: k 0.136, dari 86%
umbali 10 cm: k 0.039, dari 60%
umbali 20 cm: k 0.007, dari 10%
umbali 50 cm: k 0.0005, dari 0.07%

Tazama kinachotokea baada ya 10 cm, yaani ukishavuka kipenyo cha koili yenyewe. Uga unapungua kwa mchemraba wa umbali, na kwa kuwa nguvu inafuata mraba wa uga, ukiongeza umbali mara mbili nguvu inayofika inagawanywa kwa 64. Ongeza wati upande wa kutuma utakavyo, utapasha chumba joto tu.

Kwa hiyo mtu akikuuliza "inafika wapi?", mjibu kwa swali: koili yako ina ukubwa gani?

Bi_Volti (#2)

Mkuu hapo kwenye Q ndipo wengi wanapoteleza. Wanahesabu mizunguko ya waya, hawahesabu ukinzani.

Kwenye 100 kHz mkondo haupiti katikati ya waya. Unakimbilia kwenye ngozi ya nje, kina cha kama milimita 0.2 kwa shaba. Waya mnene wa kipande kimoja unakuwa kama bomba, ndani hakuna kitu. Juu ya hapo mizunguko iliyobanana inasukumiana mkondo upande mmoja wa waya, na ukinzani unapanda tena.

Kwa koili hiyo ya 10 cm, mizunguko 10: urefu wa waya ni mita 3 na ushee. Waya mmoja wa 1 mm una ukinzani wa kama 0.07 Ω ukipima kwa mita ya kawaida, lakini kwenye 100 kHz hesabu 0.2 hadi 0.3. Q inaangukia 40 hadi 60. Ukitumia litzi (nyuzi 100 za 0.1 mm, kila moja na vanishi yake, zimesokotwa pamoja) shaba ni ile ile kwa ujazo, ila ukinzani unabaki karibu na wa mita. Q inavuka 100 bila jasho.

Weka Q 50 badala ya 100 kwenye fomula ya mkuu: pale 5 cm unashuka kutoka 86% hadi 75%, pale 10 cm kutoka 60% hadi 37%. Waya tu huo.

Litzi ikikosekana, sokota nyaya 20 za vanishi za 0.2 mm kwa dreli. Na lehemu nyuzi ZOTE mwishoni. Vanishi isipoungua vizuri nusu ya nyuzi zinabaki hewani, koili inapima sawa kwa macho lakini inachemka.

Njia_Panda (#3)

Mnaongea vizuri ila mimi nataka kujenga. Wati 5, umbali sentimita chache, nichaji simu kupitia meza ya mbao. Nipeni orodha, siyo nadharia.

FundiFerraiti (#4)

Haya kiongozi, fuata hivi.

Upande wa kutuma ni saketi ya mosfeti mbili (swichi za elektroniki) zinazopokezana. Inajitafutia masafa yake yenyewe, kwa hiyo huhitaji kipima masafa wala kompyuta.

Koili ya kutuma: kipenyo 10 cm, mizunguko 10, litzi. Itakupa induktansi (kipimo cha koili kuhifadhi nishati ya sumaku) ya karibu 18 µH. Kapasita 4 za 33 nF, polipropilini, 250 V au zaidi, zote sambamba na koili. Jumla 132 nF, na masafa yanakaa karibu 103 kHz.

Mosfeti 2 za IRF540N. Kila moja ina miguu mitatu: sosi, dreni na geti (geti ndiyo inayoifungua na kuifunga). Sosi zote mbili chini (hasi). Dreni ya kila moja kwenye ncha yake ya koili. Kutoka kila dreni weka choki (koili ya kuzuia mkondo wa masafa ya juu) ya 100 µH kwenda +12 V, choki ya kubeba ampea 3 bila kujaa sumaku.

Geti: kila moja rezista ya 470 Ω (wati 1) kwenda +12 V, rezista ya 10 kΩ kwenda chini, zena (diodi ya kubana volti) ya 12 V geti kwenda chini. Kisha diodi ya kasi UF4007 kutoka geti ya mosfeti A kwenda dreni ya mosfeti B, na nyingine kinyume chake. Mstari wa diodi unaelekea dreni. Ukiigeuza, hakuna kitakachozunguka.

Fyuzi ya 3 A kwenye chanya. Usiiruke.

Sasa upande wa kupokea, na hapa soma taratibu. Kwa 12 V, kilele cha volti kwenye koili ya kutuma ni π mara 12, karibu 38 V, na mkondo unaozunguka ndani yake una kilele cha 3.3 A. Koili ya kupokea ya mizunguko 10 pale 5 cm ingepata kilele cha volti 5 na kidogo. Toa volti inayoliwa na diodi, hubaki na kitu cha kuchajia. Kwa hiyo zungusha 20. Mizunguko mara mbili, volti mara mbili, induktansi mara nne (karibu 73 µH). Na uzuri wake: kapasita MOJA ya 33 nF, ikiungwa kwa mfululizo na koili, inairudisha kwenye masafa yale yale.

Baada ya kapasita: daraja (la kugeuza mkondo wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja) la diodi 4 za shotki SB5100, ambazo ni za kasi, kapasita ya 100 µF/63 V na ya 1 µF, kisha moduli ya kushusha volti hadi 5 V.

Matarajio: pale 5 cm kilele cha volti 10 hivi kabla ya diodi, pale 2 cm volti 29, pale 10 cm volti 3, yaani hakuna kitu. Mzigo ukiingia zinashuka kidogo.

Chagua moduli kwa akili. Zile ndogo za MP1584 mwisho wake ni 28 V. Simu ukiisogeza hadi 2 cm umeiua. LM2596 ya kawaida inavumilia 40 V. Lakini hata hiyo, koili zikigusana kabisa volti inaweza kuvuka 50. Kwa hiyo gundisha kibao cha sentimita 2 juu ya koili ya kutuma, au weka diodi ya ulinzi ya 33 V kabla ya moduli. Mimi naona kibao ni bora, hakiungui.

Njia_Panda (#5)

Asante sana mkuu. Diodi 1N4007 ninazo kopo zima, haziwezi kukaa badala ya shotki?

FundiFerraiti (#6)

Haziwezi. 1N4007 ni ya umeme wa 50 Hz. Inachukua mikrosekunde kadhaa kufunga baada ya volti kugeuka, na kwenye 103 kHz mzunguko mzima ni mikrosekunde 10 tu. Sehemu kubwa ya muda itakuwa wazi pande zote mbili. Itachemka, na utadhani koili ndiyo mbaya.

Bi_Volti (#7)

Niongezee hitilafu za saketi hiyo kabla hajanunua.

1. Mosfeti zote mbili kufunguka kwa pamoja. Inatokea pale chaja inapopanda volti polepole: geti zinafunguka kabla mzunguko haujaanza, kila dreni inavuta chini, choki zinajaa, mosfeti zinapasuka. Dawa yake ni kuweka swichi KATI ya chaja na saketi. Chaja iwe imeshasimama kwenye 12 V, ndipo ubonyeze. Saketi nzima bila mzigo isile zaidi ya 0.3 A. Ikianza na 2 A, zima papo hapo.

2. Kutumia IRFZ44N kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ni ya 55 V. Kwa 12 V inaishi (kilele 38). Mtu akiona imefanya kazi anaweka 24 V, kilele kinakuwa 75, kwaheri.

3. Kapasita za njano za poliesta au zile bapa za seramiki. Ya poliesta inachemka kwa sababu mkondo wa tangi (unaozunguka kati ya koili na kapasita) ni zaidi ya ampea 2 muda wote. Seramiki ya X7R inabadilisha uwezo wake kadiri volti inavyopanda, masafa yanakimbia. Ndiyo maana FundiFerraiti amegawa kwenye kapasita nne: kila moja inabeba 0.6 A.

4. Kupokea kwa kapasita SAMBAMBA na koili badala ya mfululizo, bila mzigo. Hapo volti inazidishwa kuelekea Q. Volti chache zinaweza kuwa mamia. Moduli inakufa kabla hujaunganisha simu.

Na jirani mwenye redio ya masafa ya kati atasikia. Mara tano ya 103 ni 515 kHz, mara saba ni 721, hiyo ya pili iko ndani kabisa ya bendi. Usiifanye antena kwa kuacha nyaya ndefu kati ya saketi na koili.

Kichwa_Ngumu (#8)

Mbona pedi za dukani za Qi (kile kiwango cha kuchaji simu bila waya) hazina drama zote hizo?

Bi_Volti (#9)

Zina drama ila zimefichwa kwenye chipu. Pedi ya Qi ya kawaida inafanya kazi kati ya takriban 110 na 205 kHz, umbali wa milimita chache tu. Simu inazungumza na pedi kupitia koili ile ile: inabadilisha mzigo wake kidogo kidogo, pedi inauona mtikisiko kwenye volti yake na kuusoma kama ujumbe, "punguza", "ongeza", "nimepokea wati kadhaa". Pedi ikitoa 7 na simu ikikiri 5, zile 2 zimeishia mahali. Ikiwa hesabu haifungi, pedi inazima, kwa sababu huenda kuna sarafu au funguo katikati na inapashwa joto kama sufuria kwenye jiko la induksheni. Saketi ya FundiFerraiti haina macho hayo. Ukiweka funguo juu yake, itazipasha tu.

Toleo la Qi2 la mwaka 2023 limeongeza duara la sumaku. Sumaku hazipitishi umeme wowote. Kazi yake ni kuweka koili katikati. Ukipotoka sentimita moja kwenye koili ya sentimita 4 au 5, k inaanguka, pedi inaongeza mkondo kufidia, simu inachemka na kuchaji pole pole. Watu wanalaumu chaja kumbe ni mpangilio.

Kichwa_Ngumu (#10)

Sawa. Lakini MIT (chuo kikuu cha Marekani) waliwasha balbu mita 2 bila waya. Hiyo nayo ni video ya magrupu?

MasafaMafupi (#11)

Hapana, hiyo ni ya kweli, 2007, timu ya Marin Soljačić. Balbu ya wati 60, umbali wa mita 2. Ila soma vipimo vyake: koili zilikuwa na kipenyo cha sentimita 60, waya wa shaba wa unene wa milimita 6, masafa karibu 10 MHz, Q ikipimwa karibu 950. Kati ya koili na koili ufanisi ulikuwa kama 40%. Ukihesabu kuanzia soketi ya ukutani, karibu 15%. Yaani wati 400 zinatoka ukutani ili 60 ziwake.

Walichoonyesha ni kwamba U ndiyo bwana: k ikiwa ndogo, fidia kwa Q. Ni kama kusukuma bembea, ukisukuma kidogo kwa wakati wake inapanda, mradi msuguano ni mdogo. Bei yake ni kwamba Q kubwa maana yake bembea inakubali masafa mamoja tu. Mtu akipita katikati au joto likibadilisha koili kidogo, masafa yanahama na nguvu inadondoka. Kwenye maabara unarekebisha kwa mkono. Sebuleni nani atarekebisha?

Magari ya umeme yamechagua njia ya busara zaidi. Kiwango cha SAE J2954 (cha chama cha wahandisi wa magari) kinatumia karibu 85 kHz, pedi kubwa chini ya gari, nafasi ya sentimita 10 hadi 25, nguvu hadi 11 kVA, na kinadai ufanisi wa angalau 85% gari likiwa limekaa sawa. Pedi kubwa, nafasi ndogo. Fomula ile ile.

Mawimbi_Mafupi (#12)

Mmesahau kuvuna kutoka Wi-Fi. Kuna watu wanauza stika za kubandika nyuma ya simu "zinachaji kwa mawimbi yaliyopo hewani".

MasafaMafupi (#13)

Haya tuipige kwa ukarimu. Ruta inatoa miliwati 100, tuseme inarusha muda wote bila kupumzika (hairushi hivyo). Ukiwa mita 3, nguvu hiyo imeshatandazwa juu ya uso wa tufe la mita za mraba 113. Kila mita ya mraba inapata miliwati 0.88. Antena ndogo ya dipoli (fimbo mbili) kwa 2.45 GHz inakamata eneo la kama sentimita za mraba 20. Unapata mikrowati 1.7.

Betri ya 5000 mAh ina jouli 69,000 hivi. Gawanya. Miaka 1,270, na hapo nimekupa rektifaya (diodi za kugeuza wimbi kuwa mkondo wa upande mmoja) isiyopoteza chochote. Kwa mikrowati chache diodi hata haifunguki vizuri, kwa hiyo kiuhalisia ongeza sifuri.

Stika ni stika.

Mnara wa FM unalipa zaidi: kilowati 10, ukiwa kilomita 5, dipoli ya mita 1.5 inakupa mikrowati 37 hivi. Kihisi cha joto kinachoamka mara moja kwa dakika chache kinaweza kuishi na hizo. Simu haiwezi. Na kadi za kugusa za nauli, ambazo hazina betri, ni umeme bila waya kamili: 13.56 MHz, sentimita chache, miliwati chache. Teknolojia hii inafaa sana, ila kwa vitu vidogo vilivyo karibu.

Mwanakijiji_wa_Juu (#14)

Nirudi kwenye nguzo. Kijiji kiko kilomita 10 kutoka laini. Mikrowevu si inaweza kulengwa kama tochi? Kwa nini tuchimbie nguzo bondeni?

MasafaMafupi (#15)

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Ndiyo, inalengwa, na imeshafanyika. Mwaka 1964 William Brown wa kampuni ya Raytheon alirusha helikopta ndogo kwa mikrowevu za 2.45 GHz. Mwaka 1975 huko Goldstone, California, walituma zaidi ya kilowati 30 umbali wa kilomita 1.5, na antena za kupokea zilibadili zaidi ya 80% ya mikrowevu iliyozifikia kuwa umeme.

Tatizo ni kwamba mwali hutawanyika, na kadiri antena ilivyo ndogo ndivyo unavyotawanyika zaidi. Hakuna lenzi ya kulikwepa hilo. Zidisha eneo la antena ya kutuma na ya kupokea, chukua kipeuo cha pili, gawanya kwa urefu wa wimbi mara umbali. Ili upeleke karibu 90% ya mwali lazima upate kama 1.5.

Kijiji chako: kilowati 100, kilomita 10, masafa 5.8 GHz (wimbi la sentimita 5.2). Unahitaji antena ya kipenyo cha mita 31 kila upande. Sasa shuka kwenye mnyororo: kugeuza umeme kuwa mikrowevu 65%, mwali 89%, kurudisha kuwa umeme 80%. Jumla 46%. Ili kijiji kipate 100 unaingiza 216.

Laini ya 33 kV, waya wa milimita za mraba 50, ukinzani kama 0.6 Ω kwa kilomita: kilowati 100 ni ampea 1.75 tu kwa kila waya. Zidisha ampea mara ampea mara 6 Ω mara nyaya 3. Inayopotea njiani ni wati 55.

Siyo kilowati. Wati. Balbu moja ya zamani. Transfoma za mwanzo na mwisho zinakula zaidi ya laini yenyewe.

Bi_Volti (#16)

Na usisahau aliyesimama katikati. Kilowati 125 zinazofika kwenye antena ya mita za mraba 776 ni wati 160 kwa mita ya mraba kwa wastani, katikati ya mwali zaidi. Kikomo cha ICNIRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi ya aina hii) kwa watu wa kawaida kwenye masafa hayo ni 10. Utaweka uzio, na ndege hawasomi mabango.

Leza inatatua ukubwa wa antena kwa kuwa wimbi lake ni fupi sana. Mwaka 2025 DARPA, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, ilitangaza zaidi ya wati 800 kwa kilomita 8.6. Ila vumbi, ukungu na mawingu vinaikata, na jicho la mtu halina kinga nayo. Kwa droni ya jeshi sawa. Kwa kijiji, paneli za jua juu ya paa zinashinda hata kabla ya kufungua kikokotoo.

Kichwa_Ngumu (#17)

Basi Tesla alidanganya?

Mawimbi_Mafupi (#18)

Hakudanganya, alikosea dunia. Mnara wake wa Wardenclyffe ulianza kujengwa 1901 kwa fedha za tajiri J. P. Morgan, ukabomolewa 1917. Alitarajia ardhi yenyewe itikisike kama kengele na mtu achote nishati popote. Ardhi ina upotevu mkubwa mno, Q yake kwa mitetemo hiyo ni ndogo. Ukiweka ile fomula ya post #1 hapo, huhitaji njama kueleza kilichotokea.

Na zile tyubu laiti zinazowaka zenyewe chini ya laini za msongo mkubwa, kabla hamjauliza: huo ni uga wa umeme, mkondo ni sehemu ndogo sana ya miliampea. Inatosha kung'arisha gesi gizani, haitoshi kuchaji kitu.

Njia_Panda (#19)

Narudi kwenye meza yangu. Ubao ni sentimita 2.5, lakini chini kuna fremu ya chuma. Inasumbua?

FundiFerraiti (#20)

Ndiyo. Chuma kikiwa karibu na koili kinakula uga na kuchemka, Q inakufa. Aluminiamu haichemki sana ila inausukuma uga nje, induktansi inashuka na masafa yanapanda, wakati upande wa kupokea umebaki kwenye 103. Weka vigae vya ferraiti (seramiki ya sumaku inayoelekeza uga) vya milimita 2 hadi 3 chini ya koili, vizidi ukingo wake kwa sentimita 1 pande zote, na koili ikae angalau sentimita 5 kutoka fremu.

Ferraiti itapandisha induktansi, kwa hiyo masafa yatashuka. Pima upya baada ya kuiweka, siyo kabla, na punguza kapasita ya kutuma kidogo kidogo, 10 nF kwa 10 nF, hadi volti ya kupokea ifike juu kabisa. Fanya hivyo ukiwa na mzigo wa rezista ya 5 Ω wati 10 kwenye pato la 5 V. Simu iunganishe mwisho.